Taa ndogo ya kidoleni inayopima oksijeni ya mwanao

Juni na Julai, upepo wa baridi unapovuma Singida, mtoto kukohoa usiku si jambo geni. Swali linalomnyima mzazi usingizi ni moja: hii ni mafua tu, au ni nimonia?

Ukifika kituo cha afya, huenda muuguzi akambana mwanao kidoleni kifaa kidogo chenye taa nyekundu. Usiogope, hakichomi. Kinapima oksijeni iliyomo kwenye damu kwa kutumia mwanga.

Upande mmoja hutoa miale miwili, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Upande wa pili hupokea mwanga uliopenya kidoleni. Damu yenye oksijeni ya kutosha hupitisha mwanga mwekundu kwa wingi; iliyopungukiwa huufyonza. Kifaa hulinganisha miale hiyo kila mshipa unapodunda, kisha hutoa asilimia. Aliyebuni njia hii ni mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970.

Ikisoma chini ya 90, mtoto anahitaji oksijeni, kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Hapo usiombe dawa ya kikohozi urudi nyumbani. Ukipewa rufaa, nenda.

Hata hivyo, namba hiyo inaweza kukosea. Kidole chenye baridi, mkono unaotikisika, rangi ya kucha au piko huvuruga kipimo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 kwa watu wazima ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi, kifaa hiki kilishindwa kugundua upungufu karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu.

Kwa hiyo mzazi, macho yako bado yana kazi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Ni za haraka zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Ukiona hivyo, mpeleke kituoni.

Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, au ulimi na fizi zikiwa na rangi ya bluu, usisubiri kupambazuke. Na kama namba ni nzuri lakini mtoto bado anahema kwa shida, mwombe mhudumu apime tena kidole kingine.