Kwa nini Mungu alituumba na hiari, ilhali alijua tutatenda dhambi?



Miezi michache iliyopita, baada ya Misa ya Dominika katika kigango kimojawapo, mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa hadi watu wote wakaondoka. Kijana wake wa pili alikuwa ameuza pikipiki aliyonunuliwa na wazazi kwa fedha ya mazao ya misimu miwili, akaishia kwenye pombe na kamari, akamwacha mkewe na mtoto mchanga. Mama hakulia. Aliuliza tu: “Padre, Mungu alimjua mwanangu tangu akiwa tumboni mwangu. Aliyaona haya yote. Kwa nini hakumwumba asiweze kuharibika?”

Nilisali naye, nikambariki, nikampa jibu fupi ambalo halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Swali lake ni zito, wala si lake peke yake. Makala hii ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi, kwa kufuata mafundisho ya Kanisa.

Swali la tangu zamani

Mwafrika mwenzetu, Mt. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alilibeba swali hili kwa muda mrefu. Naye alikuwa mwana aliyemliza mama yake. Mt. Monika alimwombea kwa machozi miaka mingi, kwa sababu ya mwenendo wake na kwa sababu alijiunga na wafuasi wa Mani. Hao walifundisha kwamba ziko asili mbili za milele, moja njema na nyingine ovu, zinazopigana ulimwenguni na ndani ya kila mtu. Augustino alikaa nao takriban miaka tisa. Baadaye alikiri kwamba mafundisho hayo yalikibembeleza kiburi chake, kwa maana alipotenda ovu aliweza kusema kwamba si yeye aliyetenda, bali ni asili nyingine iliyokuwa ndani yake.

Sisi nasi tunayo namna yetu ya kusema hivyo. Mtu akikamatwa na kosa husema, “Shetani alinipitia.” Mwingine husema, “Ndivyo ilivyopangwa.” Kauli hizi zina umri sawa na dhambi ya kwanza. Adamu alimtupia lawama mwanamke, na kwa kufanya hivyo akamgusa Mungu aliyempa mwanamke huyo. Mwanamke naye akamtupia lawama nyoka (Mwa 3:12-13). Ni kweli kwamba shetani yupo na hushawishi. Lakini kushawishi si kulazimisha. Yoshua bin Sira anatuonya tusimsingizie Mungu makosa yetu, kwa kuwa yeye alimkabidhi mwanadamu uamuzi wake, akamwekea mbele moto na maji ili anyoshe mkono apendako (YbS 15:11-20).

Augustino alibatizwa Milano katika Pasaka ya mwaka 387, na mama yake akafariki dunia mwaka huohuo. Muda mfupi baadaye, akiwa Roma, alianza kuandika kitabu kuhusu utashi huru, akakimaliza huku Afrika akiwa tayari Padre wa Hippo. Kitabu hicho ni mazungumzo kati yake na rafiki yake Evodius, ambaye anaanza kwa kuuliza bila kuzunguka iwapo Mungu si chanzo cha uovu.

Mungu hakuumba dhambi

Jibu la kwanza ni hili: uovu si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu wa wema pale ambapo wema ulipaswa kuwapo. Tazama ufa katika ukuta wa nyumba. Ufa hauna tofali lake wala saruji yake. Upo kwa sababu ukuta umeharibika. Hakuna fundi anayejenga ufa. Vivyo hivyo Mungu aliumba akili, utashi, mwili na moyo, na vyote ni vyema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba Mungu si chanzo cha uovu wa kimaadili kwa namna yoyote ile, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Anauruhusu kwa sababu anauheshimu uhuru wa kiumbe wake, na anajua namna ya kutoa jema hata katika ovu (KKK 311).

Augustino anatoa mfano ulio rahisi. Mkono unaweza kuiba na jicho linaweza kutamani vibaya, lakini hakuna mwenye akili asemaye kwamba ingekuwa heri Mungu asingetupa mikono na macho. Utashi nao ni hivyohivyo, ila tofauti yake ni kubwa: bila mkono mtu aweza kuishi kitakatifu, bila utashi hawezi. Ndiyo maana Mt. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza kwamba mwanadamu asingekuwa na hiari, basi mashauri, maonyo, amri, makatazo, tuzo na adhabu vyote vingekuwa bure. Hakuna anayelishauri jiwe.

Kwa hiyo tuliulize swali letu upya: ni jema gani lililo kubwa kiasi kwamba Mungu alikubali kulipatia nafasi pamoja na hatari yake yote?

Upendo haushurutishwi

Jema hilo ni upendo. Kila Padre anayefungisha ndoa analifahamu jambo hili kwa vitendo. Kabla ya bwana na bibi arusi kutoa ahadi zao, huulizwa mbele ya wote kama wamekuja kwa hiari yao. Swali hilo si pambo la ibada. Sheria ya Kanisa inafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wahusika wenyewe, na hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuitoa kwa niaba yao (Kanuni 1057). Ridhaa iliyotolewa kwa nguvu au kwa hofu kubwa itokayo nje ni batili (Kanuni 1103). Mahari iwe imetolewa yote, ukumbi uwe umelipiwa, wageni wawe wamejaa kanisani: kama binti alikubali kwa kuogopa fimbo ya baba yake, ndoa haipo.

Ikiwa Kanisa haliipokei “ndiyo” ya kulazimishwa kati ya mtu na mtu, iweje Mungu aridhike nayo? Jua huchomoza bila kukosea, na mgomba huzaa ndizi wala haujawahi kuzaa mawe. Vyote vinamtukuza Muumba, lakini havijui kwamba vinatii, wala haviwezi kumwita Baba. Mungu alitaka awepo kiumbe anayeweza kumjua na kumpenda kwa kutaka mwenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unauona uhuru wa kweli kuwa alama ya pekee ya sura ya Mungu ndani ya mwanadamu (na. 17). Hata alipotaka kumtuma Mwanawe, hakuamuru tu. Malaika Gabrieli alitumwa Nazareti kwa Bikira Maria, na hakuondoka kabla ya kulipokea jibu lake (Lk 1:26-38).

Mbona mbinguni hawatendi dhambi?

Hapa msomaji makini atauliza: watakatifu walioko mbinguni hawawezi tena kutenda dhambi, nao wako huru kweli. Kwa nini basi Mungu asingetuweka hivyo tangu mwanzo?

Swali hili linatusaidia kusahihisha kosa moja kubwa, yaani kudhani kwamba kuwa huru ni kuweza kuchagua ovu. Mt. Anselmi na Mt. Tomaso wanafundisha kwamba uwezo wa kutenda dhambi si sehemu ya uhuru wenyewe, bali ni upungufu wake. Mama mwema hawezi kumtupa mwanawe jalalani. Moyo wake haumruhusu. Hatusemi kwamba mama huyo amepungukiwa na uhuru. Twasema upendo wake umekomaa.

Lakini ukomavu huo una njia yake. Watazameni wazee wanaoadhimisha jubilei ya miaka 50 ya ndoa. Leo hawawezi hata kufikiri kuachana, na kutoweza huko ni tunda la “ndiyo” nyingi walizosema katika ugonjwa, ukame na ugomvi. Ni upendo wao wenyewe, kwa sababu waliuchagua walipoweza kuukataa. Katekisimu inatueleza kwamba Mungu aliumba ulimwengu ukiwa safarini kuelekea ukamilifu wake (KKK 302), na kwamba kadiri mtu anavyotenda mema ndivyo anavyozidi kuwa huru (KKK 1733). Duniani tuko njiani. Mbinguni “ndiyo” yetu, ikiimarishwa na neema, haitavunjika tena.

Kinyume chake nacho ni kweli. Bwana Yesu anasema kwamba atendaye dhambi hugeuka kuwa mtumwa wake (Yn 8:34). Kikombe cha kwanza mtu hukiagiza mwenyewe. Baada ya miaka kadhaa kikombe ndicho kinachomwagiza yeye. Kanisa linalijua hilo, na kwa hiyo linafundisha kwamba mazoea, hofu na mambo mengine ya kisaikolojia au kijamii yanaweza kupunguza lawama ya mtu (KKK 1735). Tusiwe wepesi wa kusema juu ya mlevi au mcheza kamari, “Amejitakia, mwacheni.” Hiari iliyojeruhiwa inahitaji tiba na mkono wa wengine.

Mungu alijua, je, tuko huru?

Wengi hukwama hapa: kama Mungu alijua tangu milele kwamba nitaanguka, ningewezaje kutoanguka? Augustino anajibu kwa kulinganisha na kumbukumbu. Wewe ukikumbuka tendo la jana, kumbukumbu yako siyo iliyolilazimisha tendo hilo. Kadhalika kujua kwa Mungu hakumlazimishi mtu atende. Mungu si mpiga ramli anayechungulia kesho kutokea leo. Nyakati zote ziko wazi mbele yake kama sasa (KKK 600). Anaona tunachochagua kwa sababu tunakichagua.

Na kama Mungu angekataa kumwumba kila mtu ambaye angeanguka, basi uovu ungekuwa na kura ya turufu juu ya upendo wake. Mungu aliona anguko la kijana yule, lakini aliona pia kila neema atakayompelekea, naye akasema awepo.

Mungu hakukwepa gharama

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba maelezo haya yanakausha machozi. Mke aliyeachwa na mtoto mchanga wanalipa gharama ya uamuzi ambao hawakuufanya. Katekisimu inakiri kwamba fumbo la uovu halina jibu la haraka. Imani yote ya Kikristo kwa ujumla wake ndiyo jibu (KKK 309). Na kiini cha imani hiyo ni Msalaba. Mungu hakutupa hiari kisha akakaa mbali akitazama. Alikuja akatembea kati ya watu walio huru kumkataa, akaulilia mji wa Yerusalemu uliokataa kukusanywa (Mt 23:37, Lk 19:41), akasulubiwa na hiari zetu zilizopotoka. Kwa hiari yake mwenyewe, pale Gethsemane, akaitikia mapenzi ya Baba kwa niaba yetu sote. Hivyo neema ya Kristo ikatupa zaidi ya kile tulichokipoteza katika Adamu (Rum 5:20, KKK 412).

Sisi tufanye nini?

Kwanza, tuache kumsingizia shetani. Katika Sakramenti ya Kitubio hatuungami dhambi za shetani wala za jirani. Anayeweza kusema “nimekosa mimi” ameanza kuirudisha hiari yake mikononi mwake.

Pili, wazazi na walezi tujifunze kwa baba wa Injili (Lk 15:11-32). Hakumfungia mwanawe ndani, wala hakutuma watumishi wamrudishe kwa kamba. Lakini alipomwona angali mbali, ni wazi kwamba macho yake yalikuwa njiani. Kuheshimu hiari ya mtu si kunyamazia kosa lake. Tuonye, tuwalinde wanaoumizwa, tusitoe fedha ya kamari kwa jina la huruma. Ila tusimfute mtu katika hesabu ya watoto wetu.

Tatu, tusali bila kuchoka. Neema haivunji utashi, huuponya. Kila tarehe 27 Agosti tunamkumbuka Mt. Monika, na kesho yake mwanawe Augustino. Kanisa limewaweka bega kwa bega, mama aliyesubiri na mwana aliyerudi.

Wiki iliyopita nilionana tena na mama yule. Kijana bado hajarudi. Mkamwana na mjukuu wanaishi kwake. Nilimweleza haya kwa ufupi, akakaa kimya, kisha akasema: “Basi, Padre, Mungu naye anasubiri kama mimi.”

Ndiyo, mama. Tena alianza kusubiri kabla yako.