Gari ya nguvu za farasi 727: ina nini, na kwa nini haiwezi kupanda Kirolirwe

Kwenye simu za vijana, kuanzia Sake mpaka Kitchanga, video za gari za kifahari zinapita kila siku: gari ya milango minne, ya chini-chini, inang'aa, moteri inanguruma, na mtu wa ndani amekaa kama yuko sebuleni. Kila mara linatokea swali moja: gari kama hiyo ikiletwa Masisi, itashinda Land Cruiser?

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu lina faida zaidi, juu linamsaidia mtu anayeweka pesa apate kununua gari ya okazioni, na linaonyesha pia kitu ambacho barabara mbovu inanyima wakaaji kila siku.

Ni gari ya aina gani?

Kwa sura, ni kama taksi-vwatire ya Goma: milango minne, buti nyuma, nafasi ya watu watano. Tofauti iko chini ya boneti. Watengenezaji walichukua gari ya familia tajiri, wakaitia moteri ya aina ya mashindano, wakabadilisha freni, tairi na springi ili ziweze kubeba mwendo huo.

Mfano unaojulikana sana ni BMW M5 ya Ujerumani. Ile ya kwanza, ya katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa na moteri ya lita 3.5 yenye silinda sita na nguvu za farasi 286. Wakati ule watu walishangaa kuona gari ya kwenda nayo kazini ina nguvu kama hiyo. M5 iliyotolewa mwaka 2024 ina moteri ya lita 4.4 yenye silinda nane na turbo mbili, ikisaidiwa na moteri ya umeme. Zikifanya kazi pamoja zinatoa nguvu za farasi 727. Kutoka kusimama mpaka kilometa 100 kwa saa inachukua sekunde 3.5. Kiwanda kimeifungia isipite kilometa 250 kwa saa, lakini mwenye kulipia zaidi anafunguliwa mpaka 305. Ilipotolewa, huko Marekani bei yake ilianzia karibu dola 120,000.

Namba hizi zinasema nini?

Nguvu moja ya farasi ni nguvu ya kuinua kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja. Chukua gunia la viazi la kilo 75: farasi 727 ni kama kuinua magunia 727 ya namna hiyo, yote kwa mara moja, mita moja juu, ndani ya sekunde moja. Ndiyo sababu gari ya tani mbili na nusu hivi inaruka kama jiwe la manati.

Namba ya pili ni nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nyutoni-mita. M5 iko na 1,000. Fikiria funguo ya kufungulia gurudumu yenye urefu wa mita moja, na mtu wa kilo 100 anining'inia kwenye ncha yake: nguvu inayofika kwenye nati ni karibu hiyo. Nguvu hii ndiyo inayoipandisha gari mlima ikiwa na mzigo.

Namba ya tatu haisemwi sana kwenye video, nayo ni ya freni. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimamisha gari hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Gari inayokwenda kilometa 250 kwa saa inapita karibu mita 69 katika kila sekunde. Kwa hiyo gari hizi zina disiki kubwa za freni, tairi pana, na kompyuta inayopima kila gurudumu ili lisiteleze. Sehemu kubwa ya bei inalipwa kwa ajili ya kusimama salama.

Kwa mwendo huo, kutoka Goma mpaka Sake, kilometa karibu 25, ingekuwa dakika sita. Lakini ingehitaji lami laini, iliyonyooka, bila shimo, bila chukudu, bila motari anayetokea pembeni, bila mtoto anayevuka na mbuzi. Ujerumani wana barabara kuu ambazo sehemu zake hazina kikomo cha mwendo. Gari ilichorwa kwa ajili ya barabara hizo, na zile namba zake za mwendo zilipimwa juu ya lami.

Kutoka Sake kupanda

Kirolirwe iko katika usultani wa Bashali, wilaya ya Masisi, kwenye barabara inayotoka Sake kupanda kuelekea Kitchanga. Kutoka milima ile ndiko kunashuka viazi, maharagwe, maziwa na fromaji zinazouzwa Goma. Mvua ikinyesha, udongo unageuka tope zito, malori yanachimba mifereji, na jua likirudi mifereji hiyo inakauka na kuwa migumu kama ukuta. Vita ya miaka hii nayo imeifunga barabara hiyo mara nyingi.

Pale mlimani gari ya kifahari inapata taabu ya kwanza: tumbo. Chini yake kumebaki sentimita kumi na kitu tu kutoka ardhini, juu gari ikiwa chini inashika lami vizuri zaidi kwenye kona. Katika mifereji ya malori tumbo linakaa juu ya tuta la katikati, magurudumu yanabaki yanazunguka bure. Ni kweli M5 ya leo inasukuma magurudumu yote manne. Lakini kama gari imelala juu ya tumbo, hata magurudumu manane hayasaidii kitu.

Taabu ya pili ni tairi. Tairi za nyuma za M5 zimeandikwa 295/35 R21. Maana yake: upana ni milimita 295, na ubavu wa tairi ni asilimia 35 ya upana huo, yaani karibu sentimita 10. Ubavu mfupi unafanya gari isiyumbe kwenye kona. Lakini ubavu ndio godoro kati ya jiwe na rimu. Tairi 7.50 R16, ambayo Land Cruiser nyingi za kazi zinavaa, ina ubavu wa karibu sentimita 19. Kwenye mawe makali ya volkano kati ya Goma na Sake, sentimita hizo tisa ndizo zinazoamua kama safari itaendelea au rimu itapasuka.

Taabu ya tatu ni mafuta. Moteri ya namna hii inataka esanse safi ya okteni 95 au zaidi. Okteni ni kipimo cha uvumilivu wa esanse: ikiwa ndogo, inalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na milipuko hiyo inagonga pistoni kama nyundo. Kompyuta ya gari ikisikia mgongo huo inapunguza nguvu ili kuokoa moteri. Kwa hiyo mtu amelipia farasi 727, halafu esanse ya kwenye bidoni inamnyang'anya sehemu yake.

Taabu ya nne ni garaji. Gari hii ina kompyuta nyingi zinazozungumza kati yao. Sensa moja ikilowa maji ya tope, taa inawaka mbele ya shofere, na gari inaweza kukataa kuongeza mwendo. Mekanisye hodari wa Masisi anaweza kuwa na mikono ya dhahabu, lakini bila mashine ya kusoma kompyuta na bila piesi zenyewe hana pa kuanzia.

Kuna sehemu moja ambapo gari ya kifahari inashinda kweli. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na barabara ya kutoka Sake inapanda zaidi. Juu huko hewa ni nyepesi. Moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya moteri na kurudisha sehemu kubwa ya kile kilichopotea. Ndiyo maana Land Cruiser za zamani zinatoa moshi mweusi zikipanda na mzigo: mazutu ni mengi kuliko hewa.

Land Cruiser ina nini basi?

Land Cruiser ya kundi la 70 ilitoka mwaka 1984, miaka ile ile ya M5 ya kwanza. Ile inayojulikana sana, yenye moteri 1HZ ya mazutu, ina lita 4.2, silinda sita, hakuna turbo, na nguvu za farasi karibu 130. Hiyo ni chini ya moja ya tano ya M5. Nguvu ya kuzungusha ni Nyutoni-mita 285. Ukisoma karatasi peke yake, hakuna mashindano.

Lakini tumbo lake liko zaidi ya sentimita 20 juu ya ardhi. Ina mkono wa pili wa vitesi, ule wa kupandia, unaopunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuzungusha mara mbili hivi au zaidi, ili gari itambae polepole bila kuzima. Pampu yake ya mazutu haitegemei kompyuta. Mekanisye anaifungua kwa funguo zake, anaisafisha, anaifunga. Piesi zake zinapatikana Goma, Kampala na kwingine. Pikipiki iko na faida kama hizo kwa bei ndogo: inapita pembeni ya mfereji, na ikikwama watu wawili wanaibeba.

Chukudu nayo haina hata nusu ya farasi. Ni mbao, magurudumu yaliyovikwa mpira, na kipande cha tairi kinachokanyagwa kwa mguu kama freni. Lakini inateremsha mamia ya kilo za mzigo bila tone la mafuta, na Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu.

Kwa hiyo ubora wa gari hauko ndani ya gari peke yake. Gari na barabara vinapimwa pamoja. Farasi 727 kwenye tope ni sawa na sifuri.

Masisi ndani ya gari

Kuna jambo lingine linalofaa kujulikana. Zile kompyuta za moteri, za freni na za mifuko ya hewa inayolinda abiria katika ajali, zina vipande vidogo kuliko punje ya harage vinavyoitwa kapasita. Kazi yao ni kuhifadhi umeme kidogo na kuutoa kwa wakati wake. Zinazovumilia joto vizuri mara nyingi hutengenezwa kwa tantali, madini yanayotolewa katika koltani.

Rubaya, pia katika wilaya ya Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Koltani ikifika kwenye viwanda vya kuyeyushia inachanganywa na ya nchi nyingine, hivyo haiwezekani kunyoosha kidole kwenye gari moja na kusema hii imebeba jiwe la Rubaya. Lakini katika gari nyingi za dunia, za kifahari na za kawaida, kuna kitu kutoka milima ya namna hii. Madini yanashuka kwa njia ile ile ya tope ambayo mgonjwa anashukia akiwa kwenye tipoyi.

Barabara nayo ina mfuko wake. FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na pesa zake zinatoka katika makato ya mafuta na malipo ya barabarani. Anayenunua lita ya mazutu kwa njia halali anachangia barabara, hata kama hana gari nzuri.

Kabla ya kulipa

Kwa mwenye kuweka pesa ya gari ya okazioni, namba za farasi ziangaliwe mwisho. Kwanza apime tumbo: sentimita ngapi kutoka ardhini mpaka kitu cha chini kabisa. Asome ubavu wa tairi: namba ya katikati ikiwa 35 au 40, gari hiyo ni ya lami. Aulize kama gari ina mkono wa vitesi vya kupandia, juu kusukuma magurudumu manne peke yake hakutoshi. Aulize okteni inayotakiwa na kama esanse hiyo inapatikana anakoishi. Aangalie usukani uko upande gani: Kongo gari zinapita kulia, na shofere aliyekaa kulia haoni vizuri anapotaka kupita lori. Na mbele ya kutoa dola hata moja, aende kwa mekanisye wake, amtajie mwaka na moteri ya gari hiyo, amuulize: piesi zake unazipata wapi, na kwa siku ngapi?

Kama mekanisye anakaa kimya muda mrefu, hilo ni jibu.