Magari Yaliyoinuliwa Yapimwe Kwanza

Masika yanapolainisha njia za udongo katika vilima vya Pemba, na katika njia za mawe za upande wa mashariki ya Unguja, gari lililoinuliwa kidogo si anasa. Sentimita 5 zinazopatikana kwa springi mpya zaweza kulinusuru tumbo la gari la wagonjwa lisikwaruzwe na jiwe. Hilo hatulipingi. Tunalosema ni kwamba kuinua gari bila ya kupima ni kuikimbia hasara moja na kuiita nyingine.

Yafaa ieleweke kwanza kuwa shokomzoba haibebi uzito wa gari. Mzigo hubebwa na springi. Kazi ya shokomzoba ni kuutuliza mrusho wake. Gari likishainuliwa, shokomzoba za zamani huwa fupi. Gurudumu linapotumbukia shimoni, hufika mwisho wa urefu wake zikawa mithili ya kamba iliyoning'iniza ekseli, na vishikizo vyake hukatika.

Dawa inayokimbiliwa ni kununua iliyo ndefu kuliko zote dukani. Hapo ndipo penye hatari. Shokomzoba ndefu, hata ikibanwa kabisa, kwa kawaida huwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Gurudumu likirushwa juu kwa kishindo, hufika mwisho wake kabla ya ekseli kuubana mpira wa kizuizi uliofungwa chini ya fremu. Pigo lililostahili kupokewa na mpira hupokewa na chuma. Mafuta huvuja na kifaa huharibika.

Tuchukue mfano. Ekseli ikiwa imeubana mpira hadi mwisho, nafasi ya shokomzoba ni sentimita 36. Nayo shokomzoba mpya, ikibanwa kabisa, ina sentimita 38. Ikiwa vifaa hivyo vimesimama wima na karibu karibu, mpira hauna budi kushushwa sentimita 3, ili ibaki sentimita 1 ya usalama. Lakini usishushwe kupita kiasi, kwani gari litagonga kila penye shimo. Mipira ya breki nayo iangaliwe isivutike gurudumu linaponing'inia.

Sisi wa visiwani, vipuri vyetu huvuka bahari. Gari likilala kwa kungojea shokomzoba mbili, mgonjwa hubaki kijijini na bwana shamba haonekani mashambani.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa karakana za Serikali na wote wanaohusika na ununuzi, hati za kuagizia zisitaje jina la gari pekee. Zitaje urefu wa shokomzoba ikivutwa, urefu wake ikibanwa, na mzigo ambao gari hubeba kila siku. Wenye magari ya abiria na ya shamba nao wawatake mafundi wao wapime kabla ya kununua. Utepe wa kupimia ni wa bei ndogo. Ekseli iliyovunjika njiani si ya bei ndogo.