Akiacha Ulevi, Ataaminiwa Lini?

Wahenga walinena kuwa mchovya asali hachovyi mara moja. Ndiyo maana aliyekuwa mlevi akaacha hukuta mlango wa msamaha uko wazi kwa Mola wake, lakini mlango wa kuaminiwa na watu bado umerudishwa. Jambo hili si la mitaani kwetu tu. Huko Marekani lilifika hata mbele ya Mahakama ya Juu.

Mwaka 1981 bwana mmoja, Thomas Egan, aliajiriwa kuongoza vibarua katika kituo cha kutengenezea nyambizi huko Bremerton, jimbo la Washington. Kazi ile ilitaka kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kukaribia siri za serikali. Mwaka 1983 Jeshi la Majini lilimnyima kibali hicho, naye akaachishwa kazi. Alikuwa amehukumiwa zamani kwa kushambulia na kwa kuwa na bunduki, na hukumu nyingine hakuzitaja alipoomba kazi. Mwenyewe alikiri kuwa ulevi uliwahi kumsumbua. Alijitetea kwamba adhabu amekwisha kuitumikia, na kwamba kwa miaka 3 pombe haikumtaabisha. Mwaka 1988 Mahakama iliamua kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali.

MASHARTI YAO

Hata hivyo mlango haukutiwa kufuli. Kanuni zilizoanza kutumika Marekani mwezi wa Juni 2017 zina sehemu nzima juu ya pombe. Zasema kuwa anayekunywa kupita kiasi hutiliwa shaka katika busara na uaminifu wake. Lakini zataja pia yanayomfaa: akiri tatizo lake, aonyeshe alilofanya kulitatua, amalize matibabu, na adumu katika mwenendo mpya. Hata aliye bado katika matibabu hufikiriwa, mradi aendelee vyema na asiwe alitibiwa zamani kisha akarudia. Idadi maalumu ya miaka haikuwekwa. Ama mwenye kuficha kwa makusudi anapoulizwa, hilo ni kosa jingine, nalo huhesabiwa peke yake.

FIKIHI YASEMAJE?

Msomaji aliyekaa darasani msikitini hatastaajabu. Sharti za toba anazijua: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudi, na kurudisha haki ya mja ikiwapo. Mwenye kutubu kweli, Mola hamwambii angoje. Lakini fasiki aliyetubu akitaka kutoa ushahidi mbele ya kadhi, wanazuoni wa Kishafii husema atazamwe kwanza kwa muda, na wengi wao wamekadiria mwaka mmoja, ili apitiwe na misimu yote. Sisi wa pwani tungesema: apigwe na kaskazi, apigwe na kusi, aonekane bado amesimama.

Tofauti ipo. Kanuni za Marekani huweza kumkubali anayekunywa kwa kiasi; kwetu kidogo na kingi ni haramu. Lakini katika kumpima mtu njia zimekutana.

Basi kijana aliyeacha akija kutafuta kazi dukani, au kuposa, asikae akiitwa mlevi kwa jina la jana, wala asikabidhiwe funguo zote siku ya kwanza. Apewe amana ndogo, atazamwe, aongezewe. Naye asichoke kutazamwe, wala asifiche yaliyopita akiulizwa na mwenye haki ya kuuliza.