Mtihani wa mtoto na sikio la mzazi

Ukifika muhula wa tatu, nyumba yenye mtoto wa kidato cha nne hujulikana hata na mpita njia. Redio imepunguzwa sauti, taa yawaka hadi usiku mkubwa, na mama mwenye nyumba akiulizwa hali huvuta pumzi kwanza kabla ya kujibu. Wengine huomba dua msikitini kwa ajili ya mtahiniwa wao, na hilo ni jambo jema. Lakini mshike mzazi mmoja umuulize, "Wewe wamsaidiaje mwanao?" Aghalabu atakujibu: "Mimi nalipa karo, bwana. Mengine ni ya mwalimu. Masomo yao hayo siyajui."

Jawabu hilo ndilo nitakalo kulijadili leo, ndugu msomaji, kwani nalisikia sana hapa Mombasa, na mimi pia ni mmoja wa wasioyajua masomo hayo. Nilifanya mtihani wa CPE mwaka 1983 nikiwa darasa la saba, na tangu hapo shule yangu imekuwa ni duka la leso na vitambaa. KCSE, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, sikuufikia. Hata hivyo nimewasimamia watoto watatu hadi wakaufanya, wa mwisho akiwa ni binti yangu mwaka 2024. Kwa niliyoyaona nasema hivi: mzazi asiyeijua kemia aweza kumsaidia mwanawe katika kemia, na njia ya kumsaidia twaijua sisi watu wa pwani tangu utotoni mwetu.

KUSIKIZA SI KUFUNDISHA

Kumbuka chuoni. Mwanafunzi hupewa aya zake, akenda kando akazirudia. Kisha hufunga msahafu, akaja mbele ya mwalimu, akasikizwa. Hapo ndipo hujulikana ni nani aliyehifadhi na ni nani aliyepitisha macho tu. Na aliyekwisha kuhifadhi haachwi vivi hivi. Hurejeshwa nyuma kesho, na wiki ijayo, na mwezi ujao, kwa kuwa kila mwalimu wa chuo ajua kwamba kisichorejewa hutoroka.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelipima jambo hilo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio yeye mwenyewe, akatoa kitabu mwaka 1885 kuonyesha kuwa tuliyojifunza hupotea kwa kasi mwanzoni, katika saa na siku za kwanza. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari mbili za kusoma. Moja waliisoma mara ya pili. Nyingine walifunga karatasi na kujaribu kuikumbuka. Baada ya dakika tano habari iliyosomwa tena ndiyo iliyokumbukwa zaidi. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka: ile waliyojaribu kuikumbuka walikuwa na asilimia 56 yake, na ile waliyorudia kuisoma walikuwa na asilimia 42. Mwalimu wa chuo angewaambia hayo bila ya kuhesabu.

Sasa mtazame mtahiniwa wetu. Hudurusu kwa kusoma daftari tena na tena, akipiga mistari ya rangi hata ukurasa ukafanana na leso. Huona kwamba anaijua habari, kumbe ni macho tu yaliyoizoea. Dawa yake ni kufunga daftari na kusema. Na wa kusemewa si lazima awe mwalimu.

Jioni moja nilishika daftari la binti yangu la bayolojia, nikamwambia anieleze bila ya kutazama. Akacheka. "Baba, na wewe hayo huyajui, utaniuliza nini?"

"Wewe nieleze," nikamwambia. "Ukisita nitakuona."

Akaanza habari za osmosisi, maneno ya kitabuni yakimtoka mfululizo. Nilipomtaka anieleze kwa Kiswahili, na anipe mfano wa humu nyumbani, alinyamaza. Mamake alikuwa jikoni akitia chumvi maembe mabichi ya achari. Akauliza bila ya kugeuka: "Na maembe haya, mbona nikiyatia chumvi hutoa maji?"

Mtoto akaruka. "Ndiyo hiyo hiyo, mama!" Akatueleza kuwa chumvi ikizidi nje, maji hutoka ndani ya embe kuifuata, yakipita katika ngozi nyembamba za chembe zake. Sikuhitaji kujua osmosisi ili nijue kwamba sasa ameifahamu. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Tangu siku hiyo nilikuwa na maswali matatu, na nakupa bure: Ni nini? Kwa nini? Nipe mfano. Yafaa kwa historia, kwa jiografia, hata kwa somo la dini ya Kiislamu, ambalo watoto wetu hulijua kwa lugha ya nyumbani kisha wakatakiwa waliandike kwa Kiingereza. Kwa hisabati njia ni nyingine kidogo. Mpe swali la mtihani uliopita, wewe ushike karatasi ya majibu, akimaliza akueleze hatua moja baada ya moja. Hisabati usiiache nyuma, kwani tangu mtihani wa mwaka 2023 gredi ya jumla hutokana na masomo saba: hisabati, lugha moja aliyofanya vyema zaidi, na masomo mengine matano yaliyo bora.

SAA ZA NYUMBA

Jambo la pili ni wakati. Wengi huchora ratiba nzuri ukutani, na baada ya siku nne hakuna anayeifuata. Sisi tayari tuna ratiba isiyovunjika, nayo ni sala tano. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, hapa Mombasa jua huchwa baina ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arubaini hivi, mwaka mzima. Baina ya Magharibi na Isha pana kipindi cha zaidi kidogo ya saa moja. Hicho ndicho kilikuwa kipindi chetu cha kusikizana. Baada ya Isha hula, akamaliza kazi za shule, na ilipofika saa tatu vitabu vilifungwa.

Najua kuna wazazi wataona saa tatu ni mapema. Lakini madaktari wa usingizi hupendekeza saa nane hadi kumi kwa kijana wa miaka 13 hadi 18, na usingizi ndio wakati ambao bongo hupanga yale liliyoyapata mchana. Akilala saa tatu, huamka kwa Alfajiri saa kumi na moja akiwa ametosheka, na hapo joto la Mombasa bado halijaanza, na barabara imenyamaza. Nusu saa ya wakati huo ni bora kuliko saa mbili za usiku wa manane za kusinzia juu ya kitabu.

Hapa sharti niseme neno juu ya watoto wa kike. Mtoto wa kiume akirudi shule hubadilisha nguo akenda barazani. Wa kike hukabidhiwa ufagio, kisha vyombo, kisha mtoto mchanga wa jirani. Halafu majibu yakitoka twasema, "Huyu hana bongo." Kwetu, muhula wote wa tatu, vyombo viliingia mikononi mwa nduguye wa kiume wa miaka 14. Alinung'unika siku mbili, ya tatu akazoea.

NYANYA NI KITABU

Somo ambalo watoto wa pwani huanguka kwa kulidharau ni Kiswahili. Mtoto husema, "Hii ni lugha yetu, nitasoma nini?" Kisha akaandika insha yenye "ndia" badala ya njia, "mato" badala ya macho, na "kitwa" badala ya kichwa. Hayo ni maneno safi ya Kimvita, na nyumbani ayaseme kwa raha zake, lakini mtahini ataka Kiswahili sanifu na atakata alama.

Karatasi ni tatu. Ya insha ina alama 40. Mtahiniwa huandika insha mbili, moja ikiwa ya lazima, kwa saa moja na dakika arubaini na tano. Maana yake ni dakika hamsini kila insha, na kazi ya kushika saa aweza kuifanya mzazi yeyote. Ya pili ni ya lugha, alama 80: ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimujamii. Ya tatu ni fasihi, nayo ina alama 80.

Katika fasihi ndipo niliposhangazwa na mamangu. Yeye shule ya kizungu hakuingia hata siku moja. Mjukuu wake alikuwa akihangaika na maneno mawili ya ushairi, inkisari na mazda. Kamsomea nyanyake maana zake: inkisari ni kufupisha neno ili mizani zitoshe, na mazda ni kulirefusha. Bi mkubwa akasema, "Basi hayo ndiyo tuyafanyayo siku zote tukitunga," akaanza kumwimbia nyimbo za vugo za harusini, akimwonyesha kwa vidole pale ambapo neno limekatwa na pale lilipovutwa. Wakaendelea hadi adhana ya Isha. Methali, vitendawili, nyimbo za kubembeleza watoto, zote zimo katika mtaala wa fasihi simulizi, na zote zimo vichwani mwa wazee wetu. Kwa riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, nyanya alidai asimuliwe sehemu moja kila Ijumaa. Alipofika Ijumaa ya tatu alikuwa akiwagombeza wahusika kana kwamba ni majirani zake, na mjukuu akawa hana budi kusoma mbele ili asiaibike.

HARUSI YA LAMU

Kikao cha kusikizana si kigumu. Kigumu ni kukilinda. Mwezi wa Septemba mwaka huo, mfunguo sita, dada yangu alikuwa akiozesha Lamu, na alimtaka binti yangu kwa siku saba, apambe na apike pamoja na wenzake. Katika jamaa zetu, kumkatalia shangazi mwana wake si jambo dogo. Nilimpigia simu nikamwambia mke wangu na wengine watakuja, ila huyu amebakiza wiki chache kuingia katika mtihani.

"Kaka," akaniambia, "mtihani utakuja na utapita. Mimi mwana wa kike n'naye mmoja tu wa kuozesha."

Nilikuwa sina jawabu la kumtuliza, kwa maana alilosema lilikuwa kweli. Lakini ya kwangu nayo ilikuwa kweli: siku saba za muhula wa tatu hazirudi. Mtoto alibaki na nyanyake. Dada yangu hakukanyaga kwangu hadi Ramadhani iliyofuata, alipoleta sahani ya futari yeye mwenyewe. Nayasema haya kwa sababu wengi hutoa ushauri mtamu bila ya kutaja gharama yake. Anayetaka mwanawe apate wakati wa kudurusu atalazimika kuuchukua kwa mtu, na huenda akawa ni mtu ampendaye.

KARATASI ZA KUUZWA

La mwisho ni haya makaratasi. Kila mwaka hutokea watu wenye kunong'ona kwamba wanayo maswali. Alikuja mmoja dukani kwangu na simu mkononi, akanitajia bei. Nilimuuliza kama anataka leso, akasema hataki, nikamwonyesha mlango.

Mwaka 2015 wizi wa mtihani ulienea hata maelfu ya watahiniwa wakafutiwa matokeo yao. Mwaka 2016 ulinzi ulipokazwa, waliopata gredi ya A kutoka zaidi ya 2,600 walishuka hadi 141. Tena mengi ya hayo yauzwayo simuni ni maswali ya kubuni, na mzazi aliyeibiwa pesa hawezi hata kwenda polisi. Lakini tuache hasara. Sisi wauza vitambaa twajua kuwa kupunja wari ni ghushi, na dini yetu imeikataza. Mzazi anayemnunulia mwanawe karatasi au kumfumbia macho akificha mwakenya mfukoni, amfunza kupunja kabla hajafungua duka.

Mtauliza walipata nini. Wa kwanza alipata D+, akaenda chuo cha ufundi, na leo ni fundi wa umeme anayelisha nyumba yake. Wa pili alipata C. Binti alipata B-, juu ya ile C+ inayohitajika kwa masomo ya shahada, na somo lake bora lilikuwa Kiswahili. Sidai kwamba sikio langu ndilo lililompa. Walimu wake walifanya kazi, na yeye alifanya zaidi.

Walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 ndio kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, na zamu yao ya KCSE ni mwaka 2027. Baada yao mitihani itakuwa na majina mengine, lakini kusahau kutabaki vile vile. Kwa hivyo mzazi mwenzangu, usingoje muhula wa tatu. Leo baada ya Magharibi mwite mwanao, chukua daftari lolote, lifunge, umwambie, "Haya, nieleze." Akikuambia hulijui somo hilo, mjibu kuwa ndiyo maana unamsikiza.