Klorofili ya Chupa Haina Oksijeni ya Kukupa

Nimeulizwa mno, sasa naandika tuyamalize: hapana, yale maji ya kijani yanayouzwa kwa jina la klorofili hayaongezi oksijeni kwenye damu.

Wauzaji hudai kwamba klorofili hutoa oksijeni kwenye jani, basi ukiinywa itaitoa tumboni. Uongo. Kazi ya klorofili ni kunasa mwanga. Nishati ya mwanga huipokonya elektroni, nayo hulipiza kwa kuivuta nyingine kutoka kwenye kishada cha atomi 4 za manganizi na 1 ya kalisi, kilichoshikwa na protini ndani ya utando wa kloroplasti. Hapo kishadani ndipo maji yanapopasuliwa. Kikishanyang'anywa elektroni 4, moja kwa kila chembe ya nuru, molekuli 2 za maji huachana na oksijeni yake, na gesi hiyo hutoka. Oksijeni hiyo ni ya maji, wala si ya hewa ya ukaa: mwaka 1941 wanasayansi Ruben na Kamen waliupa mwani maji yenye oksijeni nzito, wakaikuta kwenye gesi iliyotoka.

Sasa niambie, tumboni kuna jua gani? Hata ukimeza tochi inayowaka, kishada, protini na utando vyote havimo chupani. Na vingekuwamo, tumbo lingevimeng'enya.

Tena soma lebo. Klorofili halisi haiyeyuki kwenye maji. Kaanga mchicha uone mafuta yanavyogeuka kijani. Kinachoyeyuka humo chupani kwa kawaida ni klorofilini, iliyotengenezwa kwa kutoa magnesi na kutia shaba. "Lakini inafanana na hemoglobini!" Zinafanana umbo la pete tu. Hemoglobini hubeba chuma, na mwili wako haugeuzi klorofili kuwa damu.

Unachoka, unaishiwa pumzi, viganja vimepauka? Nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu. Na malaria pia, kama una homa. Ukikutwa na upungufu wa chuma, meza vidonge utakavyoandikiwa, na uulize damu inapotea wapi: minyoo, hedhi nzito, vidonda vya tumbo. Kula maini, dagaa, maharage. Chungwa liwe karibu na sahani, chai ikae mbali. Mjamzito asisubiri. Na mwenye hamu ya kijani akanunue fungu la mchicha sokoni.