Kanuni za Chuo Kikuu: Kuhudhuria, Kubadili Kozi, Kuomba Ruhusa na Kuacha Masomo

Wazee wengi wa vijijini, wakisha kumpeleka mtoto chuo kikuu, hudhani ya kuwa kazi yao imekwisha. Ng'ombe ameuzwa, nauli imelipwa, mtoto amepanda basi na sanduku lake. Yaliyobaki ni shauri la walimu wa huko. Sivyo hivyo. Chuo kina kanuni zake, na kanuni hizo humshika mwanafunzi hata siku ile anaporudi nyumbani kwa msiba au kwa ugonjwa. Twaona yafaa kuzieleza hapa, maana hasara nyingi tulizoziona hazikutokana na ugumu wa masomo, bali zilitokana na kutozijua kanuni.

Tulimjua kijana mmoja, ambaye hatutamtaja jina wala chuo chake. Katika mwaka wake wa pili alipata habari ya kuwa baba yake ni mgonjwa sana. Alifunga mizigo usiku, akaondoka alfajiri, wala hakumwambia mwalimu hata mmoja. Alimuuguza baba yake wiki nane, na jambo hilo ni la heshima wala hapana wa kumlaumu. Lakini aliporudi chuoni alikuta mitihani imepita, na jina lake limeandikwa katika orodha ya walioacha masomo bila ruhusa. Barua moja ya nusu ukurasa ingalimwokoa.

Basi na tuanze na mamlaka. Katika Tanzania vyuo vikuu, vya Serikali na vya watu binafsi, husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Tume huweka kipimo, na kila chuo hutunga kanuni zake chini ya kipimo hicho. Kwa hiyo kanuni za chuo kimoja zaweza kutofautiana na za kingine katika mambo madogo, lakini shina lao ni moja. Mwanafunzi hana budi kukisoma kitabu cha kanuni za chuo chake mwenyewe, wala asitegemee maneno ya rafiki aliye chuo kingine.

KUHUDHURIA

Masomo ya chuo kikuu hupimwa kwa krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani kumsikiliza mwalimu, kusoma vitabu peke yake, kufanya mazoezi na kufanya mitihani. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu ni krediti 360. Hivyo shahada si karatasi ya mtihani wa siku moja. Ni ushuhuda wa saa zilizofanyiwa kazi.

Kwa sababu hiyo vyuo vingi vimeweka sharti kwamba mwanafunzi ahudhurie vipindi asilimia 75 kwa uchache, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa somo lile. Tufanye hesabu. Ikiwa somo lina saa 4 kila wiki, na muhula una wiki 15 za kufundishwa, jumla yake ni saa 60. Robo tatu ya saa hizo ni 45. Basi mwanafunzi hawezi kukosa zaidi ya saa 15, na hizo hazifiki wiki nne kamili. Mzazi amwitaye mwanawe kukaa nyumbani mwezi mzima kwa ajili ya mavuno, au kwa arusi na maandalio yake, na ajue ya kuwa amemfungia mlango wa mtihani kwa mkono wake mwenyewe.

Tena kuna jambo la pili. Alama hazitoki katika mtihani wa mwisho peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa desturi, katika kila alama 100, alama 40 hutokana na kazi na majaribio ya muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Asiyekuwapo siku ya jaribio, wala hana ruhusa ya maandishi, hupata sifuri. Na sifuri hiyo humfuata mpaka mwisho.

KUBADILI KOZI AU KUHAMA CHUO

Wengine hufika chuoni wakaona ya kuwa kozi waliyopewa haiwafai. Kubadili kwawezekana, lakini kwa masharti matatu. Kwanza, ni lazima mwanafunzi awe amefaulu katika Kidato cha Sita, au katika stashahada yake, masomo yatakiwayo na kozi ile mpya. Atakaye udaktari sharti awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia. Mapenzi peke yake hayatoshi. Pili, ni lazima iwepo nafasi. Tatu, ni lazima aombe mapema, katika majuma ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kabla dirisha la uhamisho halijafungwa. Wengi huchelewa katika sharti hili la tatu. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Na yule aliye na mkopo wa Serikali ana neno la kuangalia zaidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Bodi hutazama hali ya jamaa ya mwombaji, na pia hutazama kozi aliyoichagua. Kwa hiyo ahamaye kozi au chuo yafaa aulize kwanza, katika ofisi ya mikopo iliyo chuoni kwake, mkopo wake utakuwaje baada ya kuhama. Kuuliza si ujinga. Kuhama kwanza na kuuliza baadaye, huo ndio ujinga.

RUHUSA NA KUAHIRISHA MASOMO

Kuna ruhusa ya namna mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ruhusa ya siku chache, kama kwa maziko au kwa ugonjwa mwepesi. Hiyo huombwa kwa mkuu wa idara au kwa mlezi wa wanafunzi, na mwanafunzi hurudi darasani mara. Ya pili ni kuahirisha masomo, yaani kuyasimamisha kwa muhula au kwa mwaka mzima, huku nafasi ya mwanafunzi ikihifadhiwa. Sababu zikubaliwazo kwa kawaida ni ugonjwa mzito, uzazi, na shida kubwa ya nyumbani au ya fedha.

Njia ya kuahirisha ni hii. Mwanafunzi huandika barua na kueleza sababu. Huambatanisha ushahidi: hati ya daktari, au cheti cha kifo, au barua ya mtendaji wa kijiji au wa kata. Kisha hungoja jibu la maandishi, na jibu lile hulitunza kama atunzavyo cheti chake cha kuzaliwa. Kuandika tu si kupata. Ambaye barua yake haijajibiwa bado hana ruhusa, na akiondoka ameondoka kwa hatari yake.

Wanafunzi wengi pia hawajui jambo hili: masomo mengi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Basi aliyesimama katika muhula wa pili hawezi kurudi mwezi wo wote apendao. Hurudi muhula wa pili wa mwaka ufuatao. Tena vyuo vimeweka ukomo wa miaka ambayo mtu aweza kuwa mwanafunzi wa shahada moja, wala kuahirisha hakuombwi mara baada ya mara. Kwa wakati huo wa kusimama, fedha za mkopo nazo husimama, mpaka chuo kiiarifu Bodi ya kuwa mwanafunzi amerudi na kujiandikisha upya. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani; lakini ngama ya chuo hufunguliwa kwa wakati wake.

Juu ya uzazi twapenda kusema neno moja. Wako wazee ambao bado hudhani ya kuwa binti akipata mimba masomo yake yamekufa. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu hata wasichana wa shule waliokatizwa masomo kwa sababu ya kuzaa warudi shuleni. Katika chuo kikuu, binti aliyeandika barua na kuahirisha kwa kanuni hurudi mahali pake kama mwanafunzi mwingine ye yote. Tumemwona mmoja aliyefanya hivyo: alimwacha mtoto kwa bibi yake, akarudi, akamaliza. Barua yake haikuzidi mistari kumi.

KUACHA NA KUONDOLEWA

Kutoka chuoni kabisa kuna namna tatu. Mtu aweza kuacha kwa hiari yake, kwa barua, na huyo huondoka na hati ya masomo aliyofaulu, ambayo yaweza kumfaa akiomba nafasi mahali pengine siku zijazo. Mtu aweza kutoroka, na huyo huacha nyuma yake jina baya na hesabu zisizofungwa. Na mtu aweza kuondolewa, kwa kushindwa mitihani au kwa kuvunja nidhamu.

Kuondolewa si jambo geni. Oktoba mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300. Mwaka uliofuata wengi wao walipokelewa tena. Twajifunza mambo mawili: cheo cha kuwa mwanafunzi si ngao, na aliyeondolewa asikate tamaa kabla hajauliza njia ya kurudi au ya kukata rufani, maana njia hiyo imeandikwa katika kanuni, nayo ina siku zake zilizohesabiwa.

Na deni je? Aliyeacha masomo katikati ni mdeni sawasawa na aliyemaliza, kwa kadiri ya fedha alizopokea. Sheria iliyobadilishwa mwaka 2016 yaamuru mwajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Mzazi asidhani ya kuwa kijana akirudi kulima deni limezikwa shambani.

YATUPASAYO SISI WA VIJIJINI

Viongozi wa vijiji, mnapoombwa barua na jamaa ya mwanafunzi aliyefiwa au aliyeugua, msimrudishe kesho na kesho kutwa. Siku zake za kuomba zinapita. Andikeni siku hiyo hiyo, mtie tarehe na muhuri. Walimu, waelezeni vijana mambo haya wangali katika Kidato cha Sita, na mwasaidie kuchagua kozi kwa kutazama masomo waliyofaulu, si kwa jina zuri la kozi. Wazazi, mkipata shida nyumbani, msimfiche mtoto; bali neno lenu la kwanza kwake lisiwe "Njoo," liwe "Umeomba ruhusa?"

Yule kijana tuliyemtaja sasa ni fundi wa baiskeli karibu na stendi ya basi, naye ni mtu mwema na hodari wa kazi. Baba yake alipona. Kila mara mzee akimwona mwanafunzi amerudi likizo humwuliza kama ana karatasi ya ruhusa, na watoto humcheka. Sisi hatumcheki.